Saba Mahali pa Sita

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema kupita kiasi. Kipindi cha kwanza, Mkondo A, darasa langu kipenzi. Nikaandika ubaoni x³ − 6x² + 11x − 6. Sijapangusa vumbi la chaki mkononi, darasa zima likapiga kelele: x toa moja! Dakika mbili baadaye vigawo vyote vitatu vimepangwa ubaoni kama sare kwenye kamba. Nikasimama pembeni, mikono nyuma, nikiona raha ya kuwa mimi.

Hiyo ndiyo Njia ya Moja. Nadharia ya kigawo inasema uweke namba mahali pa x. Polinomia, yaani ule mstari mzima wenye x, ikikupa sifuri, basi x toa namba hiyo ni kigawo. Vitabu vinataka ujaribu namba hii, ujaribu ile, utoke jasho. Mimi nimewafupishia watoto safari. Weka moja. Itakubali. Inakubali kila siku, maana maswali nayatunga mwenyewe.

Binti wa dawati la nyuma, ninayemwita Kwa Nini kwa kuwa hana salamu nyingine, akataka kujua itakuwaje moja ikikataa. Nikamjibu kwamba swali lenye adabu halikatai. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kuniangalia mpaka kengele ikalia.

Saa ya chai, mkutano. Mkuu wa Shule akatupa habari mbaya kwa sauti yake ileile ya kutangaza usafi. Chumba kimoja kinageuzwa maabara. Muhula ujao Mkondo A na Mkondo B wataunganishwa, na mwalimu mmoja atawafikisha kwenye mtihani wa mwisho. Mwingine atateremshwa kidato cha kwanza kufundisha sehemu, zile za nusu na robo. Jaribio la Ijumaa ndilo litakaloamua.

Nikamtazama Rula. Mwanamke huyu ndiye mwalimu wa Mkondo B. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu anatembea wima, anaandika wima, na mstari akiuchora kwa mkono mtupu hauna kosa. Miaka tisa tunakaa meza moja. Miaka tisa hajawahi kuniona nimekosea namba, na hataniona. Naye akanitazama. Halafu wote wawili tukaitazama biskuti ya mwisho ya krimu.

Mkuu aliendelea kueleza utaratibu, nani atunge nini na nani asimamie wapi. Sikuweza kufuata kila neno, kwa sababu kichwa kilikuwa kinatega mtego na mkono ulikuwa safarini kuelekea sahanini. Nilisikia "kila mwalimu atatunga swali". Inatosha! Mimi nalitungia darasa lake, yeye analitungia langu. Biskuti nikaipata mimi. Dalili njema.

Kidato cha kwanza! Nilishawafundisha sehemu mwaka mmoja. Walilia. Nililia. Na hawa wa Mkondo A nawapenda, acha niseme hapa ambapo hakuna anayesoma. Nawapenda hata wakitoka mpirani na dirisha la darasa haliwezi kufunguka.

Jumanne, 4 Juni

Mtego umekamilika. Nijipongeze.

Nilichukua swali langu la zamani, x³ − 4x² + x + 6. Swali tamu. Vigawo vyake ni x jumlisha moja, x toa mbili, x toa tatu. Nimelitumia kila mwaka na halijawahi kunilalamikia. Nikafuta sita ya mwisho. Nikaandika saba.

Kwisha! Tarakimu moja tu, na nyumba nzima imeanguka. Nikajaribu 1, nikapata 5. Nikajaribu −1, nikapata 1, karibu kabisa, inatia uchungu. 7 ikanipa 161. −7 ikanipa namba ya kutisha. Sifuri hakuna popote. Mkondo B watatafuta vigawo mpaka kalamu ziishe wino, na Rula atasimama pale wima wake wote asijue kumetokea nini.

Ili mtu asishtuke, nikaambatanisha mwongozo wa kusahihishia wa lile swali la zamani, wenye vigawo vyote vitatu. Bahasha, gundi, mezani kwa Mkuu. Kwa upande wa swali la Rula sina wasiwasi. Mtu aliyenyooka vile hawezi kutega.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimemfunika mpaka kiunoni. Akakata uzi kwa meno, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia mimi sichimbi kisima, natunga swali. Akauliza kama nina hakika madarasa yote mawili hayafanyi mtihani mmoja. Nikacheka sana. Nikamwambia kila mtu na fani yake, yeye ashone. Akasema sawa, Mwalimu. Shati langu la Ijumaa, ambalo lilikuwa juu ya rundo likisubiri kifungo, nikaliona limehamia chini ya rundo.

Jumatano, 5 Juni

Nimekufa. Naandika nikiwa marehemu.

Saa ya chai Rula akaniuliza, kwa upole, kama swali langu litawafaa watoto wetu. Nikasema litawafaa watoto wako. Akasema watoto wetu. Nikauliza wetu vipi. Akaniambia kwani Jumatatu sikusikia: karatasi ni moja, swali moja lake, moja langu, na mikondo yote miwili itaifanya saa moja. Yeye atasimamia kwangu, mimi kwake.

Chai ilinipalia. Rula akanipiga mgongoni, kofi moja, katikati kabisa ya mgongo.

Mkondo A! Wanangu! Wataweka moja. Moja itakataa. Wataweka moja tena, taratibu, wakidhani hawakuiweka vizuri.

Mbio kwa Mkuu. Akasema bahasha zimefungiwa kabatini, na ufunguo upo shingoni mwake. Nilikuwa naona kamba yake. Akauliza kuna kosa kwenye swali? Hapo ndipo ningesema ndiyo. Neno moja tu. Lakini mlango ulikuwa wazi, na Rula alikuwa amesimama kwenye korido akisubiri zamu yake ya kuingia. Nikasema hakuna kosa, nilitaka tu kuongeza nukta mwishoni mwa sentensi. Mkuu akasema hajawahi kuona mtoto aliyefeli kwa kukosa nukta.

Nyumbani sikumwambia mke wangu kitu. Hakuuliza. Alikuwa anashona huku anaimba.

Alhamisi, 6 Juni

Kipindi cha mwisho kabla ya jaribio. Swali siwezi kuwaambia, huo ni wizi, na mimi ni mjanja, si mwizi. Lakini hakuna sheria inayomkataza mwalimu kufundisha.

Nikaingia bila daftari. Nikawaambia wasahau Njia ya Moja. Mvulana wa dawati la ukutani, anayelala tangu Januari, akafumbua jicho.

Nikawaambia mko mtaani, mnamtafuta mwenyeji. Hamjui nyumba yake. Mtagonga kila mlango wa mji? Hapana. Namba ya mwisho, ile isiyo na x, ndiyo inayokutajia milango ya kugonga. Mwisho kuna sita? Gonga 1, 2, 3 na 6, kisha zigonge zilezile zikiwa hasi. Anayejibu sifuri ndiye mwenyeji. Wengine wote samahani, nimekosea nyumba.

Kwa Nini akanyoosha mkono. Kwa nini milango hiyo tu? Nikafungua kinywa nimwambie ndivyo ilivyo, nikakuta siwezi, maana kesho yake swali hilohilo lingemla. Nikageukia ubaoni. Nikazidisha mabano matatu pole pole, mbele yao, nikawaonyesha jinsi namba za mwisho kwenye mabano zinavyozidishana na kuzaa ile namba ya mwisho ya polinomia. Kwa hiyo mwenyeji, akiwa ni namba nzima, lazima awe anaigawa bila baki. Kwa Nini akasema aaa. Ile aaa ndefu. Miaka tisa nafundisha kitu hiki na sikumbuki kuisikia.

Nikaendelea, moto umeshawaka. Ukigonga kwa mbili ukafunguliwa, kigawo ni x toa mbili. Ukigonga kwa hasi moja, kigawo ni x jumlisha moja. Ishara unaivua mlangoni kama viatu, unavaa kinyume chake. Wakacheka, wakaandika.

Halafu nikasema, nikitazama dari kama mtu anayewaza mambo yake tu: na ukigonga milango yote, chanya na hasi, asifungue mtu? Darasa likafikiri. Anayelala akasema basi hakuna mtu nyumbani. Nikataka kumbusu. Nikawaambia ndiyo, unaandika milango uliyogonga, unaandika hakuna, unakwenda zako. Hakuna haja ya kuvunja dirisha.

Nikageukia dirishani. Rula! Amesimama nje ya dirisha, madaftari kifuani, amesikia sijui tangu wapi. Akanipungia mkono akaondoka. Kipindi kilichofuata kilikuwa chake, Mkondo B, na ukuta kati yetu ni mwembamba. Nikasikia sauti yake imenyooka kama kawaida: sasa tugonge mlango wa pili.

Mwizi! Mchana kweupe!

Ijumaa, 7 Juni

Jaribio. Nilisimamia Mkondo B nikiwa nimevaa shati lisilo na kifungo cha juu, mkono shingoni muda wote. Wakaniona mwalimu mwenye mawazo mazito.

Hatimaye nikaliona swali la Rula: x³ − 7x − 6. Fupi, safi, halina hata x². Nikacheka kwa dharau. Nikaligonga kichwani. Moja ikakataa, hasi moja ikafungua. Nafuu! Kama wanangu watakumbuka milango, watalipata.

Nikapita kati ya madawati. Kila karatasi ya Mkondo B ilikuwa na milango yangu. Mmoja amechora hata nyumba ndogo zenye kitasa. Mwanamke huyu amechukua mtaa wangu wote, na nyumba zake, ndani ya kipindi kimoja! Nikamwinamia mchoraji nimwambie michoro haina alama. Akaninong'oneza kwamba Mwalimu wao aliwaambia mfano huo ni wangu, na kwamba wanishukuru wakiniona. Akanishukuru.

Nikarudi mbele, nikakaa. Sikujua niweke uso gani.

Jumamosi, 8 Juni

Kusahihisha, chumba cha walimu, watatu: Mkuu, Rula, mimi. Madirisha wazi, upepo mzuri, biskuti mpya. Nilikuwa na amani kabisa mpaka Mkuu alipoufungua mwongozo wangu.

Mwongozo! Niliusahau! Ule wa swali la zamani!

Akaanza na karatasi ya Kwa Nini. Akasoma kwa sauti: nimegonga 1, −1, 7 na −7, majibu ni haya, hakuna sifuri, kwa hiyo hakuna mtu nyumbani. Akatazama mwongozo. Akaweka mkasi mwekundu, alama ya kosa. Karatasi ya pili, hakuna mtu nyumbani. Mkasi. Ya tatu ya Mkondo B, milango yote imefungwa. Mkasi. Mkuu akauliza hawa watoto wamepatwa na nini, mbona wote wanahama nyumba.

Ndipo akafika kwa yule anayelala. Mwandiko mbovu, lakini jibu linang'aa: x jumlisha moja, x toa mbili, x toa tatu. Kaka yake alipita kwangu miaka miwili nyuma, na naona mitihani ya kaka ndiyo mto wake wa kulalia. Alhamisi alisema hakuna mtu nyumbani kwa kinywa chake mwenyewe, na bado akaenda kukariri! Mkuu akampa alama zote kumi. Akauliza huyu kijana ni nani, aandaliwe zawadi.

Rula alikuwa ameshika kalamu. Akaweka hasi moja mahali pa x, pembeni mwa gazeti. Akapata 1. Akarudia. Akapata 1. Akanigeukia na kusema, taratibu sana, kwamba huenda ile saba ilikusudiwa kuwa sita, kalamu huteleza, humtokea mtu yeyote, basi swali tulifute tuhesabu lake peke yake.

Alinifungulia mlango kabisa. Nilitakiwa kusema ndiyo tu. Lakini karatasi ya Kwa Nini ilikuwa mbele yangu, hasi moja yake imefungwa vizuri kwenye mabano, kila hatua mahali pake, na mkasi mwekundu juu. Kazi ile haikustahili kufutwa. Nilisikia uchungu hasa. Halafu pia, kukubali kwamba nimekosea namba, mbele ya Rula, baada ya miaka tisa! Lipi lilinisukuma zaidi sijui, na sina mpango wa kuchunguza.

Nikasema hapana. Ni saba. Nilikusudia.

Mkuu akavua miwani. Akauliza kama nilikusudia saba, mbona mwongozo ni wa sita.

Nikasema nilitaka kuwapima wasahihishaji.

Upepo ukapeperusha karatasi moja na hakuna aliyeifuata. Kisha sauti ngeni kabisa. Rula anacheka! Amejikunja juu ya meza, mabega yanaruka, machozi. Sikujua kwamba anaweza kukunjika. Mkuu akajaribu kukaza uso, akashindwa, akasema alama zirekebishwe, na mimi niokote ile karatasi.

Tukarekebisha. Swali langu, mikondo yote miwili wamefanya vizuri ajabu. Anayelala ameshuka kutoka kumi hadi sifuri bila kujua kwamba aliwahi kupanda.

Lakini swali la Rula! Wanangu walifungua mlango wa hasi moja vizuri, wakaandika x jumlisha moja, viatu wamevua, kila kitu. Halafu walipoanza kugawa wakaangukia shimoni. x² haikuwepo, nao hawakuiwekea nafasi yake. Mkondo B wote wameandika 0x² kwa utulivu, wakagawa, wakapata x² − x − 6, wakamaliza na x toa tatu na x jumlisha mbili. Rula amewafundisha kwamba asiyekuwepo naye huwekewa kiti.

Mkondo B wametupita. Kidogo, lakini wametupita. Uamuzi Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa barazani siku nzima nikijizoeza kutamka "nusu" na "robo" kwa uso wa upole. Mke wangu akaja na shati na sindano, akakaa pembeni, akashona kifungo nikiwa nimelivaa. Nikamweleza yote. Mchimba kisima hakurudia. Alisema tu nisitikisike, sindano iko karibu na shingo. Nampenda mwanamke huyu.

Jumatatu, 10 Juni

Mkutano. Shati lina kifungo, roho haina.

Mkuu akasema kwamba Mwalimu wa Mkondo B alikwenda kumwona asubuhi. Nikafumba macho. Akasema alikwenda kueleza kwamba alama za darasa lake kwenye swali langu lenye ile saba zimetokana na somo alilolisikia dirishani kwangu, akalichukua lilivyo, na kwamba mizani haiwezi kumpa yeye ushindi wote.

Amekiri wizi! Mbele ya watu! Nilitaka kusimama niseme mnaona? Lakini nilikuwa karibu kufanya jambo la aibu kwa macho yangu. Nikakohoa.

Uamuzi: mikondo inaunganishwa, ndiyo, lakini ukumbini, na walimu wote wawili ndani. Mimi nitagonga milango, Rula atagawa na kuweka viti. Kidato cha kwanza, sehemu zao atafundisha Mkuu mwenyewe. Amesema wiki hii tumemkumbusha kuwa naye aliwahi kuwa mwalimu. Walimu wakapiga makofi. Nimepiga kuliko wote.

Wanangu nimebaki nao! Na wale wa Rula nimeongezewa bure. Kwa Nini alinipita kwenye korido akauliza kama kuna polinomia ambayo mwenyeji wake yupo nyumbani lakini si namba nzima. Nikamwambia swali zuri sana, akamuulize Rula.

Biskuti ya mwisho ya krimu, leo Rula aliwahi. Akaivunja katikati, kweli katikati, akanisogezea nusu. Nikaipokea. Nikamchunguza. Mtu hatoi nusu ya krimu hivihivi, lazima ana jambo.

Basi na mimi nina langu. Ukumbini, safu za kushoto zitakuwa watoto wake, za kulia wangu, hilo liko wazi hata bila kuambiwa. Saba wameshaizoea. Safari hii naweka tano: x³ − 4x² + x + 5. Nimeshazigonga zote nikiwa natafuna, 1, −1, 5, −5, hakuna hata mmoja aliyepo. Safu za kushoto hazitaamini macho yao!

Mkuu alikuwa bado anaeleza utaratibu wa mtihani wa mwisho wa muhula. Nilisikia "kila mwalimu atatunga swali". Inatosha.